Spika za bei mbaya: unanunua sauti au unanunua boksi?

Kuna swali moja halichoki kurudi kila mwisho wa mwezi, watu wakishapata vijisenti vyao: hivi ukiongeza hela kwenye spika, sauti nayo inaongezeka? Yaani aliyetoa laki moja na aliyetoa milioni moja wanasikia muziki tofauti kweli, au mmoja wao kapigwa changa la macho?

Najua wengine mko kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo nianze na jibu, maelezo yafuate. Jibu ni ndiyo, lakini mpaka mahali fulani tu. Ukitoka kwenye spika ya bei ya kutupa ukaenda kwenye spika ya kawaida iliyotengenezwa kwa akili, utasikia tofauti hata kama huna utaalamu wowote. Kuanzia hapo, kila unavyoongeza hela tofauti inazidi kuwa ndogo, hadi unafika mahali ambapo kinachopanda ni bei, uzito na mng'aro wa mbao. Na ubaya wenyewe ni kwamba wengi wetu tunaongeza hela upande usiohusika. Tunalipia wati za kwenye karatasi, taa za rangi na ukubwa wa boksi.

Kwa nini niandike kitu kirefu hivi juu ya spika? Kwa sababu kijana akipanga chumba chake cha kwanza, akishapata godoro na jiko, kinachofuata mara nyingi ni redio. Hapo kuna akiba ya miezi minne mitano, na wengine wanachukua kwa kulipa kidogo kidogo. Na si unajua kile kikaratasi kinachobandikwa kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ukikosea, umekosea.

SPIKA INAFANYA NINI HASA

Ukiifungua spika yoyote, ya laki moja au ya milioni kumi, utakuta vitu vilevile. Kuna sumaku nyuma. Kuna koili ya waya mwembamba imekaa katikati ya sumaku. Koili imeshikishwa kwenye koni ya karatasi, plastiki au kitambaa. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa na kuvutwa, koni inacheza mbele na nyuma, hewa inatikisika, wewe unasikia sauti. Basi.

Kazi ngumu iko hapa: sikio la mtu mwenye afya njema linasikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde (20 Hz) mpaka kama 20,000 (20 kHz), ingawa hiyo ya juu inapungua umri ukienda. Koni moja haiwezi kufanya yote hayo vizuri. Kwa besi unahitaji koni kubwa inayosukuma hewa nyingi. Kwa sauti za juu, kama matoazi na ile "s" ya mwimbaji, unahitaji kitu kidogo na chepesi kinachocheza haraka. Ndiyo maana spika nzuri huwa na wufa ya chini na twita ya juu, na ndani yake kuna kisakiti kinachogawa kazi: wewe chukua besi, wewe chukua sauti za juu.

Spika bora ni ile inayotoa sauti zote hizo kwa usawa, bila kuongeza chumvi mahali na kupunguza mahali. Mwimbaji akirekodi sauti yake studio, spika ikuletee sauti yake, sio sauti yake ikiwa imetumbukia kwenye pipa. Hilo ndilo unalolipia. Mengine ni mapambo.

WATI ZA KWENYE KARATASI

Tuanze na uongo mkubwa kuliko wote dukani. Pita Kariakoo au Luthuli pale Nairobi, utaona sabufa yenye ukubwa wa ndoo imeandikwa 8000W, 10000W, 15000W. Pembeni kwa herufi ndogo wameandika PMPO. Hizo herufi nne hazina kipimo kimoja kilichokubaliwa. Kila kiwanda kinakokotoa kinavyojua, kinachukua kishindo cha kitambo kidogo kabisa, kinazidisha kwa idadi ya spika, na ikitokea namba haijapendeza kinazidisha tena.

Namba yenye maana ni ile ya wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuungua na bila kukwaruza. Marekani walichoka na mchezo huu zamani sana. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, na mwaka 2024 wakaifanyia marekebisho. Huku kwetu karatasi inasema inachotaka.

Dawa ni rahisi. Geuza mashine, soma nyuma karibu na waya wa umeme. Utakuta imeandikwa kitu kama 220-240V, 50Hz, 60W. Hiyo ya mwisho ni umeme inaokula ukutani. Sasa mashine inayokula wati 60 itatoa wapi wati 10,000? Ni kweli namba ile haiko sawasawa kabisa, maana mashine huwa na akiba kidogo ya kutoa kishindo cha mara moja zaidi ya hapo. Lakini kutoka 60 mpaka 10,000 hakuna fundi wala mganga anayeweza.

Na hata wati zikiwa za kweli, hazifanyi kazi unavyodhani. Ukitoka wati 50 kwenda wati 100, sauti inapanda desibeli 3 tu. Utasikia imepanda, lakini sio mara mbili. Ili sikio likubali kwamba sasa imekuwa mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya nguvu, yaani kutoka wati 50 kwenda wati 500. Tena spika nyingi za nyumbani zinageuza asilimia 1 hivi ya umeme kuwa sauti, au chini ya hapo. Umeme uliobaki wote unaishia kuwa joto.

Ndiyo maana kuna namba nyingine muhimu ambayo wauzaji hawaitaji: wepesi wa spika. Huandikwa kama 87 dB au 90 dB kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya 90 dB ukiipa wati 50 inalingana kwa ukali na spika ya 87 dB uliyoipa wati 100. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mashine ndogo na akakuzidi mlio, kwa sababu spika zake ni nyepesi. Chumba cha mita tatu kwa nne, kwa usikilizaji wa kawaida, hakitumii hata wati 10 muda mwingi.

WALIPOFUNGWA MACHO

Sasa tuje kwenye bei. Huyu kaweka pazia, yule kaona jina kubwa, nani anasikia vizuri zaidi? Kuna watu walikaa wakalipima jambo hili kwa miaka mingi. Kinara wao ni Floyd Toole, mwanasayansi aliyefanya kazi kwenye baraza la taifa la utafiti la Kanada kuanzia 1965 hadi 1991, kisha akahamia kampuni ya Harman ya Marekani, ile yenye JBL. Alichokuwa anafanya ni kuwakalisha watu chumbani, spika ziko nyuma ya pazia, sauti zimesawazishwa zisizidiane ukali, halafu wanatoa alama. Akagundua kwamba watu wenye masikio mazima, wasipoona wanachosikiliza, wanakubaliana kwa kiasi kikubwa. Wanapenda spika ambayo vipimo vyake vya maabara viko sawa na laini, isiyo na vilima na mabonde.

Mwenzake Sean Olive akatoa mwaka 1994 jaribio ambalo mpaka leo linawauma wauzaji. Alichukua watu 40, tena wafanyakazi wa Harman wenyewe, akawasikilizisha seti nne za spika. Mara moja kwa pazia, mara nyingine kwa macho. Kati ya hizo kulikuwa na seti ndogo ya plastiki ya bei nafuu, sabufa na vispika vyake, na kulikuwa na spika kubwa ya kampuni pinzani iliyouzwa kwa zaidi ya dola 3,000 na kusifiwa sana magazetini.

Kwa pazia, ile ya plastiki iliizidi kidogo ile kubwa iliyosifiwa. Pazia lilipoondolewa, wakaona plastiki ile, mambo yakageuka: kubwa ikapanda juu ya ndogo, na spika nyingine kubwa za gharama nazo zikaongezewa alama. Masikio ni yaleyale, muziki ni uleule. Kilichobadilika ni macho. Na ukumbuke ile ya plastiki ilikuwa ya kampuni yao, lakini hata mapenzi ya kwa mwajiri hayakuiokoa.

Somo hapa sio kwamba spika zote ni sawa. La hasha. Hata nyuma ya pazia watu walitofautisha. Somo ni kwamba bei, ukubwa na jina vinaingia masikioni kupitia machoni, na mtu haigizi, anasikia hivyo kweli. Ndiyo maana jirani aliyetoa milioni mbili atakuapia kwamba sauti ni ya peponi. Hasemi uongo. Ila milioni mbili zake nazo zinaimba humo ndani.

Mwaka 2004 Olive akarudi tena, safari hii na spika 70 za bei na kampuni mbalimbali. Akachukua vipimo vya maabara peke yake, akatengeneza hesabu ya kutabiri watu watazipa alama gani nyuma ya pazia. Utabiri ukaendana na alama za watu kwa uwiano wa 0.86, ambapo 1 ndio ukamilifu. Na katika hesabu hiyo, besi peke yake ilibeba karibu asilimia 30 ya maamuzi. Angalieni vizuri hapo: bei haimo kabisa kwenye hesabu ile. Haikuhitajika.

Mtu atasema hao ni watu wa kampuni, wana maslahi. Ni kweli, Harman wanauza spika. Lakini matokeo yao yameandikwa wazi, na njia yao ya kupima ilifanywa kuwa kiwango rasmi cha chama cha viwanda vya elektroniki Marekani mwaka 2013. Leo kuna watu binafsi wananunua spika, wanazipima kwa njia hiyohiyo na kuweka michoro mtandaoni bure. Mtandao wa Audio Science Review, ulioanza 2016, ni mmojawapo.

HELA INAPOFANYA KAZI KWELI

Msije mkatoka hapa mkisema kasema spika za laki moja zinatosha. Hapana. Kuna sheria ya maumbile ambayo haihongeki, inaitwa sheria ya Hofmann, kutokana na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani mwaka 1957. Inasema hivi: besi inayokwenda chini kabisa, boksi dogo, na spika nyepesi isiyohitaji nguvu nyingi, chagua viwili, cha tatu usahau. Ukitaka boksi dogo lenye besi ya chini, andaa mashine yenye nguvu nyingi na koni inayostahimili kusukumwa mbali. Hivyo vinagharimu. Kwa hiyo ukiona kidubwasha cha bei ya chee kinaahidi vyote vitatu, jua kuna mahali kinadanganya.

Kinadanganyaje? Sabufa nyingi za bei rahisi boksi lake limetegwa kupiga kwa nguvu kwenye sauti moja tu ya besi. Ukisikiliza ngoma za kompyuta unaona raha, maana kila kitu ni du, du, du. Weka rumba la TPOK Jazz au Msondo Ngoma, ufuate gitaa la besi. Uzi mzito wa gitaa hilo ukiachiwa mtupu unatoa kama 41 Hz, na mpiga gitaa anapanda na kushuka, anasimulia hadithi. Kwenye spika mbovu hadithi yote inakuwa neno moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya besi na kishindo.

Tatizo la pili la seti hizi liko kwenye vile vispika vidogo vya pembeni. Vina koni moja ya inchi tatu, ambayo haishuki chini vizuri. Sabufa nayo inalazimishwa kupanda juu iwafuate. Hapo katikati, panapokaa sauti ya mwanaume anayeongea, panabaki tundu. Ndiyo maana ukifungulia taarifa ya habari, msomaji anasikika kama ana mafua.

Hivyo ngazi za kwanza za bei zinakupa vitu halisi. Unapata twita yake peke yake, kisakiti cha kugawa sauti kilichopimwa badala ya kikapasita kimoja, boksi zito la mbao zilizoshindiliwa lisilotetemeka lenyewe, na mashine isiyokwaruza unapoongeza. Mfano, spika ya JBL 305P MkII iliyotoka mwaka 2018 iliuzwa Marekani kama dola 150 moja, amplifaya ikiwa ndani yake. Mbili ni dola 300, zaidi ya laki saba kabla ya usafiri na kodi. Kwa vipimo inazipita spika nyingi zenye bei mara kadhaa ya hiyo. Sio bei ya kijana anayeanza, najua. Ila inaonyesha mahali ambapo uhandisi mzuri umeshafika.

Juu ya hapo, hela inanunua nini? Kwanza, ukali bila kukwaruza. Kama una sebule kubwa au ukumbi, utahitaji spika kubwa, hilo halina ubishi. Pili, besi ya chini zaidi. Tatu, urembo na jina. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Wilson Audio ya Marekani ilitoa spika inayoitwa WAMM Master Chronosonic, jozi moja dola 685,000. Hiyo ni zaidi ya bilioni moja na nusu za Kitanzania. Hakuna sikio la binadamu litakalokuthibitishia kwamba ni bora mara elfu mbili kuliko za dola 300. Hiyo ni biashara ya saa za dhahabu. Saa ya elfu kumi nayo inasema ni saa ngapi.

Na jina la "spika za studio" nalo lisikutishe. Spika mashuhuri kuliko zote studioni, Yamaha NS-10, ilitoka mwaka 1978 ikiwa spika ya kawaida ya nyumbani, na nyumbani haikupendwa sana. Mafundi wa studio wakaichukua kwa sababu ilikuwa inaanika makosa ya kazi zao. Ikatumika dunia nzima mpaka Yamaha walipoacha kuitengeneza mwaka 2001.

CHUMBA CHAKO KINAPIGA NUSU YA MUZIKI

Hapa ndipo unapoweza kuokoa hela nyingi. Wimbi la besi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7. Chumba chako hakina mita 7. Kwa hiyo wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake. Chumba chenye urefu wa mita 3.5 kati ya ukuta na ukuta kitavimbisha besi ya kama 49 Hz, na hakuna spika ya bei yoyote itakayozuia hilo. Utaona ukikaa karibu na ukuta besi inakupasua, ukisogea katikati inapotea. Spika haijabadilika, umebadilika wewe.

Nyumba zetu nazo: kuta za tofali, sakafu ya saruji au vigae, juu bati au jipsamu. Piga kofi moja chumbani. Ukisikia mlio unabaki hewani, basi na muziki wako unafanywa hivyohivyo. Kabla hujaongeza laki kwenye spika, fanya haya ambayo karibu yote ni ya bure:

1. Toa spika kwenye kona. Kona inaongeza besi, ila inaivuruga. Isogeze hatua moja, sikiliza, isogeze tena.

2. Pandisha spika mpaka twita ilingane na masikio yako ukiwa umekaa. Spika ya sakafuni inaimbia miguu yako.

3. Spika mbili na wewe muwe pembetatu yenye pande karibu sawa. Kuweka spika moja juu ya nyingine kunakunyima ile raha ya kusikia gitaa huku na tarumbeta kule.

4. Pazia zito, mkeka au zulia, godoro, kabati la nguo lililo wazi: vyote hivi vinameza mwangwi wa sauti za juu. Chumba kitupu kinapiga kelele chenyewe.

5. Punguza besi kwenye ikwalaiza ya simu. Wengi tumeipandisha mpaka mwisho, halafu tunalalamika sauti haieleweki.

WAYA NA MAFAILI

Kuhusu waya, usiingie mkenge. Mwaka 1983 gazeti la Marekani la Stereo Review lilijaribu waya wa kifahari dhidi ya waya wa kawaida wa taa wenye unene wa kutosha, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa muziki. Waya mwembamba kama uzi ndio mbaya. Nunua waya wa shaba wa umeme, mnene kiasi, uunge chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukigeuza upande mmoja, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inakufa. Watu wameuza spika nzima kwa sababu ya kosa hilo.

Na muziki wenyewe umetoka wapi? Wimbo uliopunguzwa mpaka faili likawa dogo kama picha hauna tena sauti za juu za kuchezwa. Spika nzuri hapo inakuumiza zaidi, maana inakuonyesha uozo wote. Tafuta faili la kueleweka kwanza.

UKIENDA DUKANI

Sasa una laki tatu zako mfukoni, tuseme. Usiende na macho, nenda na masikio. Chukua simu yenye nyimbo tatu unazozijua kama jina lako: mmoja wenye gitaa la besi linalotembea, mmoja wa sauti ya mtu bila vyombo vingi, na mmoja wenye matoazi mengi. Ongeza na dakika moja ya mtu anayeongea. Sauti ya mtu haidanganyi, tumeisikia tangu tumboni.

Kumbuka ujanja wa zamani wa kaunta: spika anayotaka kukuuzia muuzaji ataifungulia zaidi kidogo. Sikio letu likisikia kilicho juu kidogo tu linasema hiki ndicho bora. Mwombe asawazishe. Kisha geuka, uipe spika mgongo, rafiki yako abadilishe bila kukwambia ipi inapiga. Watakucheka dukani. Acha wacheke, hela ni yako. Kama huwezi kuzitofautisha ukiwa umegeuka, chukua ya bei ndogo uende zako.

Ongeza sauti mpaka robo tatu. Ikianza kukwaruza au boksi kutetemeka, hiyo ndiyo mashine halisi iliyofichwa nyuma ya zile wati za karatasi.

Na wasioona aibu ya mtumba, hapa kuna neema. Ufundi wa spika umebadilika taratibu, kwa hiyo spika nzuri ya miaka ishirini iliyopita bado ni nzuri. Kagua ile pete laini inayozunguka koni. Kama ni ya sponji huwa inaoza na kumomonyoka, kama ni ya mpira inadumu zaidi. Sukuma koni ya wufa polepole kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza ndani, koili imepinda, achana nayo. Gusisha betri ya voti 1.5 kwenye nyaya zake mara moja: koni iruke na mlio wa "tap". Ukikuta spika mbili za mbao za namna hiyo na amplifaya ndogo ya kweli, kwa laki tatu hiyohiyo una nafasi kubwa ya kuishinda sabufa mpya yenye taa. Na siku amplifaya ikiungua kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, spika zako zinabaki. Seti ya boksi moja ikiungua, mara nyingi inaondoka na kila kitu.

KUMBUKA NA MASIKIO

Jambo la mwisho. Kipuri pekee kwenye mfumo mzima ambacho hakiuzwi Kariakoo ni sikio. Wataalamu wa afya kazini Marekani wanashauri kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila inapopanda desibeli 3 muda ukatwe nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ikifika 100 ni dakika 15 tu. Spika mbovu ina hatari yake hapa, kwa sababu haina uwazi, mtu anaongeza sauti akidhani ndiyo ataelewa maneno. Spika nzuri inakutosheleza ikiwa chini, na jirani analala.

Kwa hiyo tukusanye. Hela ya mwanzo inanunua sauti, hiyo itoe bila kinyongo. Ya katikati inanunua nafasi ya kufungulia zaidi na besi ya chini zaidi, itoe kama chumba chako kinaihitaji. Ya juu kabisa inanunua heshima ya wageni sebuleni. Hakuna ubaya kuinunua heshima, mradi ujue ndicho ulicholipia, na usiikopee.

Kwa leo niishie hapo. Wenye uzoefu, hasa mafundi wa redio na mliowahi kuzilinganisha spika kwa kugeuka ukutani, mwageni mliyoyaona. Uwanja ni wenu.